Kwa Nini Tapeli Hukulipa Kwanza

Sokoni kumejaa watu. Katikati amesimama mwanamume mwenye joho jekundu, anarudia maneno yale yale: "Nipe dhahabu yako nikurudishie mara mbili! Mara mbili, papo hapo!" Kijana mmoja anajaribu. Anampa vipande 1,000, anarudishiwa 2,000. Anampa hivyo 2,000, anarudishiwa 4,000. Moyo unaanza kumwenda mbio. Anafungua sanduku lake, anatoa akiba yote ya miezi, vipande 500,000, anamkabidhi. Mwenye joho jekundu anatoweka mbele ya macho yake.

Hakukimbia. Amezima kompyuta tu, kwa sababu soko hilo limo ndani ya mchezo. Unaitwa RuneScape, ulitolewa mwaka 2001 na kampuni ya Jagex ya Uingereza, na mamilioni ya vijana wamepita humo wakichimba madini, wakivua samaki, wakiuziana panga na kofia kwa dhahabu isiyoshikika. Aliyecheza kwa muda mrefu ni nadra asiwe amekutana na mtu wa "mara mbili".

Wadogo zangu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na ninyi wa Kanengo na mitaa mingine ya Lilongwe, nataka tumtazame mtu huyu bila haraka, kwa sababu hufika hadi milangoni kwetu, kavaa shati safi, kashika simu. Ndani ya mchezo unaweza kumwona mwanzo hadi mwisho kwa dakika kumi. Nje ya mchezo kazi hiyo hiyo humchukua miezi, na miezi huwasahaulisha watu alivyoanza.

Hebu tuhesabu. Kabla ya kutoa akiba yake, kijana yule alikuwa amepata faida ya vipande 3,000. Faida hiyo ilikuwa ya kweli, na ilitoka mfukoni mwa tapeli mwenyewe. Kwa nini mwizi atoe mali yake? Kwa sababu kwa vipande 3,000 alinunua imani ya kijana, kisha akaiuza kwa 500,000. Hapo ndipo wakubwa wengi huteleza. Wanamtazamia tapeli kama mtu anayechukua, na huyu wanamwona anatoa, tena anatoa kwa wakati kama alivyoahidi. Wanapumua. Wanaita ndugu zao.

Sasa fikiria jirani anaingia uani kwenu na simu mkononi. Anamwambia dada yako mkubwa: "Dada, hata mimi sikuamini. Niliweka kwacha 10,000, juma lililofuata wakanitumia 15,000. Soma meseji hii hapa. Ona na salio." Jirani huyo hasemi uongo. Meseji ni ya kweli na hela imeingia. Ndiyo maana kumjibu ni kugumu: ukisema huo ni utapeli, ni kama umemwita mwongo, naye ni mtu aliyewaazima chumvi jana. Basi msimbishie kuhusu malipo, maana kalipwa kweli. Muulizeni jambo jingine, kwa heshima: "Mama, hizo 5,000 za juu zimetoka kwa nani?"

Swali hilo lishikeni, kwa maana tutatembea nalo.

Kuna mchezo mwingine, EVE Online, wa kampuni ya CCP ya Iceland, ulioanza mwaka 2003. Wachezaji huendesha vyombo vya anga, hupasua miamba ya angani kutafuta madini, huunda viwanda, hupigana vita, na fedha yao huitwa ISK. Uchumi wake ulikua mpaka mwaka 2007 CCP ikaajiri mwanauchumi, Eyjólfur Guðmundsson, awe anafuatilia bei na biashara za humo. Tena waliweka kanuni ya ajabu: mchezaji akimlaghai mwenzake kwa fedha za mchezo, kampuni haiingilii. Wachezaji wakaanzisha kampuni, wakauziana hisa, wakafungua benki, na hapakuwa na polisi wala benki kuu juu yao.

Mojawapo ya benki hizo iliitwa EBANK. Watu waliweka akiba, wakakopa, wakalipana riba. Mwaka 2009 mkuu wake, mchezaji kutoka Australia, alichota ISK karibu bilioni 200, akawauzia watu wanaofanya biashara ya fedha za michezo, akapata dola za Australia 6,300 hivi. Alieleza kwamba alihitaji malipo ya mwanzo ya nyumba na gharama za matibabu ya mwanawe. Habari zilipotoka, wateja walikimbilia kutoa akiba zao, benki ikayumba. CCP ilimfukuza, lakini kosa walilompa halikuwa wizi wa akiba za watu. Lilikuwa kuuza fedha za mchezo kwa fedha halisi.

Kisa hiki kinanigusa kuliko cha joho jekundu. Yule wa sokoni alikuja akiwa mwizi tangu asubuhi. Huyu alikuwa ameaminiwa na wenzake, na shida ilipomfika nyumbani, kasha lilikuwa wazi mbele yake. Waliomwamini hawakuwa wajinga. Waliitazama tabia yake, wakasahau kuutazama utaratibu: mtu mmoja aliweza kuchota mabilioni peke yake, bila wa pili kukubali. Waulizeni mama zenu walio kwenye vikundi vya akiba. Sanduku la kikundi huwa na kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayemtukana mweka hazina kwa kumwekea kufuli. Mweka hazina mwema huzifurahia kufuli hizo, kwa sababu siku hesabu ikikosekana, zinamlinda yeye pia.

Twende sasa kwenye hesabu yenyewe. Chukueni kijiti mwandike chini.

Mtu anafika Dzaleka na ahadi: weka kwacha 1,000, mwezi ujao chukua 2,000. Hana shamba, hana duka, hana karakana. Mwezi wa kwanza wanaingia watu 10. Anapata 10,000, anazila. Mwezi wa pili anadaiwa 20,000, kwa hiyo lazima apate watu wapya 20. Hao nao mwezi wa tatu wanadai 40,000, lazima waje wapya 40. Kisha 80, kisha 160, kisha 320. Mpaka hapo watu wanacheka na kununua mabati. Mwezi wa kumi anahitaji watu wapya 5,120. Mwezi wa kumi na mbili, 20,480. Mwezi wa kumi na tatu, 40,960, na ukiwajumlisha na waliotangulia wanakuwa 81,910. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hivi. Leo imebeba zaidi ya 50,000, na hapo umehesabu hadi mtoto aliyezaliwa juzi. Watu 81,910 hawapo. Kwa kweli mambo yangevunjika mapema zaidi, kwa sababu nyumba ngapi hapa zina kwacha 1,000 ya kuweka kando?

Rudini kwenye mwezi wa kumi na mbili, kuna kitu kimejificha. Waliokwisha kulipwa ni 20,470. Wanaosubiri ni 20,480. Jaribuni mwezi wa tano: waliolipwa 150, wanaosubiri 160. Jaribuni mwezi wowote mnaotaka. Daima wanaosubiri huwazidi wote waliowahi kulipwa kwa watu 10, na hao 10 ni zile kwacha 10,000 alizokula mwanzoni. Maana yake, kila aliyepata kwacha 1,000 ya juu, kuna mtu mmoja mahali fulani aliyepoteza kwacha 1,000 yake. Jirani mwenye meseji alilipwa na jirani mwingine, naye hajui.

Hili lilitokea ndani ya Second Life, ulimwengu wa kompyuta wa kampuni ya Linden Lab ya Marekani, ambako watu hununua viwanja, hujenga nyumba na hulipana kwa dola za Linden. Humo palikuwa na benki iliyoitwa Ginko Financial, iliyoahidi riba ya zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka. Agosti 2007 wateja walikuja wengi kwa pamoja kutoa akiba zao, na hela haikutosha. Zilipotea dola za Linden karibu milioni 200, na hizo zilibadilishika kuwa dola za Marekani kama 750,000. Januari 2008 Linden Lab ikapiga marufuku benki zote zilizoahidi riba bila kuwa na kibali cha serikali halisi.

Lilitokea pia Tanzania, bila kompyuta. Iliitwa DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu, yaani watoe hela, kisha wasubiri kuvuna. Waliotangulia walivuna kweli, wakashuhudia kwa majirani na kwa waumini wenzao, na ushuhuda wao ukaleta wengine. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha, waendeshaji wakafikishwa mahakamani, na foleni za waliotaka mbegu zao zikabaki mitaani. Mwanzoni mwa 2025, huko huko Tanzania, ikaja LBL: unalipa kujiunga, unatazama matangazo kwenye simu, unapata ujira kila siku. Polisi waliwakamata baadhi ya waendeshaji wake. Ni miaka 16 katikati, na mbegu zimegeuka matangazo ya simu, lakini mwulize mtu wa LBL lile swali letu. Nani huyo anayekosa usingizi ili wewe utazame tangazo la sabuni, kisha akulipe zaidi kuliko anavyolipwa mwalimu?

Si lazima pawepo mwizi ili hesabu hii ivunjike, na hili ni gumu kidogo, kwa hiyo someni polepole. Mwaka 2021 mchezo wa Axie Infinity, wa kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, ulivuma sana Ufilipino. Ulinunua viumbe wadogo, ukawapiganisha, ukapata sarafu za kidijitali ambazo ziliuzika. Familia zilizokuwa zimekosa kazi wakati wa korona zilinunua chakula kwa sarafu hizo. Lakini aliyezinunua ni nani? Kwa sehemu kubwa, mchezaji mpya aliyezihitaji ili azalishe viumbe wake, naye akitarajia kuwauzia wapya watakaomfuata. Wapya walipopungua, sarafu ilishuka hadi chini ya senti moja ya dola. Watengenezaji hawakutoroka. Hesabu ya kijiti ndiyo ileile.

Sasa mtaniuliza: je, faida zote ni uongo? Hapana, na nisingependa mtoke hapa mkiogopa kila hela. Ukitoka Dzaleka kwenda mjini, baada ya Lumbadzi unafika Kanengo, kwenye maghala na viwanda na mnada wa tumbaku. Msimu ukifunguliwa, marobota hupangwa sakafuni wazi. Mnunuzi anashika jani, analinusa, mizani imekwisha kusema, bei inatajwa mbele ya watu. Unaweza kulalamika kwamba bei ni ndogo, na wakulima wa Malawi hulalamika kila mwaka, lakini hela unaweza kuifuata kwa kidole: mvutaji wa sigara nchi za mbali kalipa, kiwanda kikalipa, mnunuzi akalipa, mkulima akapata. Vivyo hivyo likelemba ya mama zetu kutoka Congo. Watu kumi wanatoa sawa kila mwezi, mmoja anapokea, mpaka wote wamepokea. Hakuna faida iliyoahidiwa na hakuna iliyotolewa. Na banki nkhonde, vikundi vya akiba vya wenyeji wetu Wamalawi, zina riba, ila ukiuliza imetoka kwa nani watakuonyesha daftari: imetoka kwa huyu aliyekopa akafungua biashara ya nyanya. Kila mtu anamjua, na nyanya zake zinaonekana.

Ndani ya michezo mtaona tofauti hiyo hiyo, na hapo ndipo mchezo unapokuwa shule. Mchezaji anayekupa samaki 100 kwa bei ya soko, unajua samaki kavua wapi. Anayekwambia "leta upanga wako nikuongezee nguvu, kisha nikurudishie", wewe ndiye unayetoa kwanza, na cha kwake bado kiko hewani. RuneScape iliwekewa dirisha la pili la kuthibitisha biashara: vitu vyote vinaorodheshwa tena, na kila upande unakubali upya. Lilihitajika kwa sababu walaghai waliondoa kitu cha thamani dakika ya mwisho na kuweka kingine kinachofanana nacho, wakimhimiza mwenzao, "haraka, haraka, naondoka!" Anayekuharakisha mara nyingi hataki usome dirisha la pili.

Simu ya mama ina dirisha hilo pia. Anapotuma hela kwa Airtel Money au Mpamba, kabla hajaweka namba ya siri, asome kilichoandikwa mbele yake: kiasi, namba, na jina la mpokeaji likionyeshwa. Je, ndiye aliyemkusudia? Ikija meseji inayosema umetumiwa hela, na dakika hiyo hiyo mtu anapiga akilia kwamba kaituma kwako kwa makosa, umrudishie, usiamini meseji. Angalia salio lenyewe. Meseji yeyote anaweza kuiandika. Salio hawezi kuliandika. Na ikiwa kweli hela imeingia, mwambie awasiliane na kampuni ya simu iirudishe kwa njia yake.

Nanyi mnaocheza Free Fire kwenye simu za kuazimana, mmeziona zile kurasa za "almasi za bure": andika jina la akaunti yako, nywila yako, kisha namba tuliyokutumia kwa meseji. Garena, wenye mchezo, huuza almasi hizo. Ndiyo riziki yao. Anayezigawa bure amezitoa wapi? Anachotafuta ni akaunti yako, na namba ile ya meseji ndiyo ufunguo wa mwisho uliobaki mkononi mwako. Hilo moja nisingependa mlijifunze kwa kujaribu. Mchezo ni shule nzuri pale tu unapopoteza upanga wa kuchora. Bando la nyumbani likishaingia humo, au hela ya unga, umekwisha kutoka shuleni.

Nimeliacha mwisho jambo zito kuliko yote, kwa sababu swali letu peke yake halilitoshi. Kuna mtu anayekuja usiku kuzungumza na baba. Haahidi faida. Anasema anamjua mtu ofisini, kwamba jina la familia linaweza kusogezwa mbele, mpelekwe nchi ya tatu, Kanada au Marekani, ila kuna gharama ndogo ya kufungua kesi. Anajua kwamba baba amesubiri miaka mingi. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, imesema mara nyingi: huduma zake ni bure, na kupelekwa nchi ya tatu ni bure, hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa hiyo yeyote anayetaja gharama, kubwa au ndogo, tayari amejitaja. Lakini mtazameni pia kwa macho mliyoyapata sokoni mwa joho jekundu. Nani anatoa kwanza? Baba. Ahadi inatimia lini? Haijulikani. Anaharakisha? Ndiyo, "orodha inafungwa Ijumaa". Anaruhusu mtu wa pili ajue? Hapana: "Hii iwe siri yetu, wengine wakisikia watakuonea wivu." Na mara nyingi ataleta kitu kidogo cha kweli: karatasi yenye mhuri, namba ya kesi aliyoichungulia mahali, habari ya familia fulani iliyosafiri mwezi uliopita. Ile familia ilisafiri kweli, kwa utaratibu wake yenyewe, naye akachukua safari yao akaifanya chambo.

Wachezaji wa EVE wanatushinda kwa kitu kimoja. Akitapeliwa mmoja, mara nyingi anasema mbele ya wote: jina la aliyemtapeli, maneno aliyotumia, kiasi kilichopotea. Wanamcheka kidogo, kisha wanajihadhari. Sisi aibu hutufunga midomo. Baba aliyetoa hela ya mbuzi wawili hamwambii hata mkewe, na mtu wa shati safi anahamia nyumba ya tatu kutoka kwenu akiwa na maneno yale yale.

Kwa hiyo ukigundua kwamba mzazi wako amelipa, usimuulize ilikuwaje akaamini. Keti naye wakati hakuna wageni, umuulize yaliyotokea: "Baba, alikuja siku gani? Alianza kwa kusema nini? Alitumia namba ipi?" Wewe unaandika vizuri kuliko yeye, andika. Namba ya simu, kiasi, tarehe, meseji zote zihifadhiwe, zisifutwe kwa hasira. Kama hela ilitumwa kwa simu, pigieni huduma kwa wateja ya kampuni ya simu siku hiyo hiyo, maana hela ambayo bado haijatolewa kwa wakala huenda ikazuilika. Kisha nendeni polisi na ofisi ya UNHCR. Na kabla ya kwenda kokote kati ya huko, kwa ruhusa ya baba, piga hodi nyumba ya tatu.